Tumeelewana au Tumechoka?

Mwenyekiti hakupenda kura. Alisema kura ni njia ya haraka ya kuwafanya watu wawili waache kusalimiana. Klabu yetu ilikuwa na watu wanne tu, na bado, mtu akitamka "basi tupige kura," yeye aliweka kikombe chini na kutazama mlangoni kama anayengoja mgeni aliyechelewa. Aliyesema alinyamaza mwenyewe. Ndipo Mwenyekiti alipouliza swali lake: "Tumeelewana au tumechoka?"

Kila ajenda aliifunga kwa swali hilo. Mkisema mmeelewana, alizunguka meza, mmoja mmoja, mpaka kila mtu aseme kwa kinywa chake. Akikosekana mmoja, alisema, "Basi tumechoka," na jambo likahamia kwenye yatokanayo ya kikao kijacho. Ndivyo suala la fremuweki lilivyoishi kwenye yatokanayo kwa muda mrefu hata likawa kama mwanachama wa tano. Masalu alikuwa akiliulizia kabla hajavuta kiti.

"Yule mwenzetu bado yupo?"

"Yupo," nilijibu.

"Ameshakunywa chai?"

Ilikuwa klabu ya watu wanaotengeneza roboti kwa kupenda tu, si kwa kazi wala kwa shule. Tulikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa Mwenyekiti, Pasiansi, kwenye banda lililokuwa la kuku. Kuku walishaondoka, tukaweka meza, soketi na rafu za nyaya, lakini siku za mvua harufu yao ilirudi na tukakaa nayo. Mwenyekiti alikuwa mama mstaafu wa ofisi ya hali ya hewa. Miaka yote ya kazi alisoma vipimo: joto, upepo, mvua iliyoingia kwenye chombo. Masalu alikuwa karani wa benki mjini Nyamagana, Msukuma mwenye sauti kubwa na kompyuta nzuri kuliko zetu zote. Mwalimu Bwire alifundisha jiografia ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na alivuka kwa kivuko kuja vikaoni. Akianza kutazama saa kwenye simu, tulijua kikao kinakufa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya kompyuta, sina kazi, nakaa kwa shangazi yangu mtaa wa pili. Nilikuwa Katibu. Sikumbuki nani alinichagua. Kura haikupigwa.

Roboti yetu ilikuwa mtumbwi. Madumu mawili ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya kula, ubao katikati, mota nyuma, na kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lililofunika bodi ya umeme, ile sahani ndogo inayobeba akili ya mtumbwi. Kazi yake ilikuwa kutoka ufukweni peke yake, kulizunguka jiwe moja lililo majini mbele ya mtaa wetu, jeupe kwa mavi ya ndege, na kurudi. Masalu alitaka upime kitu, joto la maji au uchafu, ili tukiulizwa tuwe na la kusema.

"Uende, urudi," alisema Mwenyekiti. "Mtu mzima mwenyewe akienda na kurudi tunamshukuru Mungu. Mtumbwi wa madumu unautaka nini zaidi?"

Siku aliyotuambia habari ya macho yake, alitueleza chini ya mengineyo, baada ya suala la funguo za banda. Alisema ana presha ya macho, dawa za matone amechelewa kuzianza, na daktari amemwambia giza linaingia kutoka pembeni na lililokwisha kuingia halirudi nyuma. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetangaza upepo wa kusini. Kisha akasema anataka jambo moja: auone ule mtumbwi ukilizunguka jiwe na kurudi bila mkono wa mtu. "Niuone mimi," alisema, akajigusa chini ya jicho. "Taarifa imepokelewa?"

Tulisema imepokelewa.

"Basi. Isirudiwe."

Haikurudiwa. Nilikwenda nyumbani nikamweleza shangazi, akashika kifua na kusema maskini, mama wa watu. Mimi nilikuwa nakula. Nilijaribu kusikia kitu moyoni na sikusikia, nikafikiri labda kitakuja kesho yake. Tangu nimalize chuo mambo mengi yalikuwa hivyo kwangu, yakifika nayaona yamefika, kama basi ambalo si langu.

Nieleze fremuweki ni nini, kwa sababu shangazi yangu mpaka leo anadhani ni aina ya betri. Ukitaka roboti ifanye kitu, huandiki programu kuanzia neno la kwanza. Unachukua kazi ambayo wengine wamekwisha kuifanya, inayojua tayari kuongea na mota na kuuliza setilaiti mahali ilipo, halafu unajenga maagizo yako juu yake. Kazi hiyo ndiyo fremuweki. Ziko nyingi. Ukichagua moja umechagua na maudhi yake, na ukitaka kuhama baadaye, karibu kila ulichoandika unakiandika upya.

Ugumu wetu ulitoka kwenye sharti la Mwenyekiti. Alisema kila mwanachama lazima aweze kuifungua roboti kwenye kifaa chake mwenyewe, nyumbani kwake, na kuiendesha. Roboti inayofunguka kwa mtu mmoja, alisema, ni ya mtu huyo, sisi wengine ni wageni wake. Sasa Masalu alikuwa na kompyuta mpya. Mimi nilikuwa na kompyuta ya chuo iliyochoka, niliyokuwa nimeiwekea mfumo endeshi mwingine wa bure baada ya ule wa kwanza kuilemea. Mwalimu Bwire hakuwa na kompyuta, alikuwa na simu. Mwenyekiti alikuwa na kompyuta nyeupe ya mezani aliyoachiwa na mwanawe, na simu. Kila fremuweki iliyotajwa mezani aliipima kwa maneno mawili: "Nani hawezi?" Hakuuliza ina nini, wala nani anaisifia. Alitaka jina la mtu.

Zilibaki mbili. Tuliziita ile kubwa na ile nyepesi. Ile kubwa ilitumika vyuoni, ilichora ramani kwenye kioo, mishale ya rangi ikionyesha mtumbwi unakoelekea, na uliweza kuuendesha ndani ya picha kabla hujalowanisha dumu. Masalu aliipenda kama mchumba. Kwangu ilifunguka, feni ya kompyuta ikiunguruma kama mashine ya kusaga. Kwa Bwire haikufunguka. Ile nyepesi ilifunguka popote, hata kwenye simu ya Bwire yenye kioo kilichopasuka, lakini haikuwa na picha hata moja. Mistari ya maneno tu, ikishuka. Na waliokuwa wakiitunza walikuwa wachache, wanaweza kuacha siku yoyote.

"Hiyo ni ya watoto," alisema Masalu.

"Ya watoto inafunguka," alisema Bwire. "Yako ya watu wazima imenikatalia mlangoni."

"Nunua kompyuta, Mwalimu."

"Ongea na mwajiri wangu, Masalu. Au benki yenu inikopeshe."

"Lete neno, usilete sura," Mwenyekiti alimwambia Masalu, ambaye alikuwa ameanza kununa. Hiyo ilikuwa kauli yake nyingine. Alimwambia yeyote aliyevimba kimyakimya.

Mimi nilipewa kazi ya kuleta ulinganisho. Nilileta. Kikao cha kwanza jedwali langu lilitosha ukurasa mmoja. Kilichofuata nililiongezea ukurasa wa pili kwa gundi, halafu wa tatu kwa pembeni, mpaka likawa linafunguliwa kama mkeka. Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Itakuwaje watunzaji wa ile nyepesi wakiacha? Itakuwaje ile kubwa ikitoa toleo jipya linalokataa kompyuta yangu? Itakuwaje Masalu akihamishwa tawi, akaondoka na mashine yake? Usiku nilikuwa naongeza safu. Nikiulizwa hitimisho nilisema inategemea.

"Inategemea nini, Katibu?"

"Mambo mengi, Mwenyekiti."

"Haya. Ikishamaliza kutegemea, utuambie."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo kasoro niliyoiona kwake, kama ni kasoro: aliyekuwa na haraka kuliko sisi wote ndiye aliyekuwa mvumilivu kupita kiasi. Giza lilikuwa likimjia, na yeye alikataa kumburuta mtu. Angeweza kugonga meza na kusema tunachukua hii. Tungetii, tena kwa shukrani. Sijui alikuwa anatunza nini. Wakati mwingine nadhani ofisini alikotoka alikuwa ameona maamuzi mengi ya kugonga meza. Wakati mwingine nadhani alikuwa mkaidi tu.

Maana kwenye mambo mengine hakuvumilia hata kidogo. Chai yake ilikuwa na sheria. Maziwa kwanza, majani baadaye, sukari anaweka yeye, na ukikataa sukari anakuuliza unaumwa nini. Kila mtu alikuwa na kiti chake na hukuruhusiwa kuhama hata kama jua linakupiga usoni. Msimu wa senene ukifika aliletewa kutoka kwao Muleba, akawakaanga na kitunguu na kuwaweka katikati ya meza juu ya nyaya zetu. Masalu hakuwagusa. Yeye alitembea na michembe yake mfukoni, viazi vikavu vilivyokatwa, akitafuna huku akiwatazama senene kwa mashaka.

"Mnakula panzi na shahada zenu, Wahaya," alisema.

"Na wewe unatafuna kuni," alisema Mwenyekiti. "Tena kwetu, kabla ya senene, mtu huulizwa amesoma wapi. Wewe ungebaki na hizo kuni zako nje."

"Ndiyo maana kwenu mvua hainyeshi, imeogopa kuulizwa."

"Kwetu mvua hainyeshi? Mawe! Katibu, andika huyu amelewa."

Habari ya mvua ilikuwa utani mzito, kwa sababu Mwenyekiti alikosea mvua mara nyingi. Alitoka nje ya banda, akainua uso, akasema leo hakuna kitu, na kabla ya ajenda ya pili mabati yalikuwa yakipiga kelele hata hatusikiani. Hakuwahi kukubali. Alisema yeye alisoma vizuri, mvua ndiyo iliyokosea. Macho yalipopungua alianza kuniuliza mimi mawingu yako wapi na yana rangi gani, akafikiri, akatangaza, akakosea vilevile.

Jambo jingine nalikumbuka, nalo halina mahali pa kukaa. Watu wote walikuwa wakiniuliza kuhusu kazi. Shangazi, majirani, mchungaji, kinyozi wa shangazi. Umepata? Umeomba wapi? Mwenyekiti hakuniuliza hata mara moja. Nilidhani hajali. Baadaye Bwire aliniambia kwamba siku moja niliyochelewa yeye alikuwa ameanza kusema "huyu Katibu naye, na elimu yote ile," akakatwa: "Hilo haliko kwenye ajenda." Nilipoambiwa nilisema aha.

Kisa cha bodi mbili lazima nikieleze, kwa sababu hakuna klabu nyingine ningeweza kuitania hivyo. Ilikuwa baada ya vikao vingi. Masalu na Bwire walikuwa wamefika mahali pa kuagana bila kushikana mikono, na Mwenyekiti aliona. Akasema tutafute njia ya kila mtu kubaki na uso wake. Nani alitoa wazo sijui, nadhani lilitoka kwetu sote kwa pamoja, kama jasho. Tuweke zote mbili. Bodi moja yenye ile kubwa ya Masalu, bodi nyingine yenye ile nyepesi ya Bwire, ndani ya kopo moja, zote zimeunganishwa na usukani mmoja. Mwenyekiti aliuliza tumeelewana au tumechoka. Tulisema tumeelewana, wote, haraka, tukafurahi kama watu waliosuluhisha ndoa. Mimi nilikuwa na shahada ya kompyuta, na niliandika kwamba imekubaliwa.

Tulikwenda ufukweni siku hiyohiyo, kabla ya kivuko cha Bwire. Mwenyekiti alisimama karibu kabisa na maji, shingo akiigeuzageuza ili mtumbwi ubaki kwenye sehemu ya jicho iliyokuwa bado inaona. Mtumbwi ulitoka vizuri. Halafu fremuweki moja ikasema kulia, nyingine ikasema kushoto. Usukani ulitetemeka. Mtumbwi ukaanza kuzunguka hapohapo, umelala upande mmoja kwa uzito wa bodi ya pili, taratibu, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Wavuvi waliokuwa wakitandaza dagaa walisimama kutazama.

"Huo mtumbwi unatafuta nini?" mmoja alipaza sauti.

"Unatafuta maridhiano," alijibu Bwire.

Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga na kitenge chake kizuri. Ni mara pekee niliyomwona akicheka hivyo. Masalu alikunja suruali, akaingia majini kuuchukua, na alipokuwa akirudi naye alikuwa anacheka. Yeye na Bwire wakashikana mikono. Kwa hiyo siwezi kusema haikusaidia. Lakini mtumbwi ulikuwa haujalifikia jiwe hata nusu ya njia, na Mwenyekiti, tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani, alikuwa ameshika kiwiko changu. Kabla ya hapo hakuwahi kushika kiwiko cha mtu.

Baada ya siku hiyo niliona mambo. Akimimina chai aliweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe ajue imefika wapi. Karatasi zangu alizishika mbele yake kwa heshima, akageuza ukurasa kwa wakati, kisha akasema, "Katibu atusomee, kwa faida ya wote." Faida ya wote ilikuwa yake. Masalu alijua, Bwire alijua, na kwa kuwa taarifa ilipokelewa na haikutakiwa kurudiwa, tulimwangalia akizigeuza zile karatasi. Alitembea haraka kama zamani, hata pale penye ngazi mbele ya banda. Tulichofanya ni kuzipaka ngazi rangi nyeupe. Tulisema ni usafi.

Kikao kilichoamua hakikuwa na dalili ya kuamua. Kulikuwa na joto, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi juu ya maji tangu asubuhi na wengine walikuwa wamekufa ndani ya sukari. Tulifika kwenye yatokanayo. Masalu alileta habari njema: amepata kompyuta ndogo iliyotumika, ataiachia klabu, Bwire ataitumia. Kwa hiyo ile kubwa sasa inawezekana kwa wote.

Bwire alisema kama ni hivyo hana neno.

Tulikuwa tumefika. Mwenyekiti aliuliza, kwa desturi, kabla ya kufunga: "Ile kubwa. Nani hawezi?"

Masalu alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimefungua mkeka wangu wa karatasi, natazama zile safu zote, bei ya hiki, uzito wa kile, watunzaji, matoleo. Kulikuwa na safu yenye majina yetu. Nilikuwa nimeweka alama kwa kila mtu kufuatana na kifaa chake. Kompyuta nyeupe ya Mwenyekiti: inaweza. Nikafikiria ramani kwenye kioo, na mishale ya rangi. Nikafikiria kwamba nikikaa kimya jambo litakwisha leo, na kama litakwisha leo labda mtumbwi utakuwa tayari kabla giza halijamfunika Mwenyekiti. Nikafikiria kwamba hakuna kabla iliyobaki. Nilifikiria kwa muda mrefu, kama kawaida yangu, na katikati ya kufikiri nikasikia sauti yangu.

"Wewe, Mwenyekiti."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye huwezi. Ile kubwa ni picha. Ile nyepesi ni maneno, na simu yako inaweza kukusomea maneno."

Bwire alitazama meza. Masalu alisema polepole, "Katibu, jamani." Nje mtu alipita na bajaji, ikaenda mpaka mwisho wa mtaa, tukaisikia ikikata kona.

Mwenyekiti alikuwa amenigeukia, lakini si sawasawa. Alikuwa anatazama bega langu. Nilitaka kusema samahani, na nilikuwa tayari nimelipanga lile neno, wakati aliponiuliza, "Inasoma kwa Kiswahili?"

"Inasoma. Vibaya."

"Vibaya kama Masalu?"

"Zaidi kidogo."

Masalu hakucheka. Alisukuma ile kompyuta aliyoileta pembeni ya meza. Mwenyekiti alipapasa mpaka akakipata kikombe chake, akanywa, akakirudisha.

"Tumeelewana au tumechoka?"

Masalu ndiye alikuwa wa kwanza upande wake wa kushoto. "Tumeelewana, mayu," alisema. Ni Kisukuma, anavyoitwa mama. Hakuwahi kumwita hivyo kikaoni. Bwire alisema tumeelewana. Nikasema na mimi. Mwanachama wa tano aliondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Niliandika ile programu Masalu akinisaidia, na lazima niseme alifanya kazi nzuri kwenye fremuweki aliyoidharau. Tulifanya mtumbwi utume maneno kwa redio mpaka kwenye kipokezi kidogo kilichofungwa kwenye simu ya Mwenyekiti. Nilimpelekea orodha ya maneno: umbali, uelekeo, kasi. Aliyakataa yote.

"Maisha yangu yote nimesoma umbali na kasi," alisema. "Huo mtumbwi uniambie unafanya nini."

Kwa hiyo nikaandika: Naenda. Nakata kona. Narudi. Nilichukua siku kadhaa kuamua kati ya nakata kona na nageuka.

Mpaka siku tuliyokwenda tena ufukweni, alikuwa amebakiwa na mwanga na kivuli tu. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Muleba kumchukua, mizigo ilikuwa imefungwa sebuleni, basi ni keshokutwa yake. Hatukulitaja lile la kuuona mtumbwi kwa macho. Muda wake ulikuwa umepita wakati tunakunywa chai.

Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia kabla ya upepo. Tulimwekea kiti cha plastiki mchangani na miguu ya kiti ikazama kidogo. Alivaa koti la kazini kwake la zamani, lenye mifuko mingi. Simu aliishika mapajani kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," walisema wavuvi. Mmoja akauliza, "Leo mtumbwi umesharidhiana?"

"Marahaba. Tazama tu."

Nilibonyeza. Mtumbwi ulisita, ukatoka. Simu ilisema kwa sauti ya mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni: "Na-enda." Mwenyekiti aliinamisha kichwa. "Na-enda. Na-enda." Madumu ya njano yalizidi kuwa madogo. Kulikuwa na kisiwa cha magugumaji kilichosogea usiku karibu na jiwe, sikukitegemea, na nilianza kufikiria mzizi mmoja ukijifunga kwenye mota, na jinsi nitakavyomwambia, na maneno gani. "Na-kata kona," ilisema simu. Ndege walipaa kutoka kwenye jiwe. Mtumbwi ukaingia nyuma yake.

Tukawa hatuuoni. Na jiwe likakata redio, simu ikanyamaza.

Tulisimama pale. Masalu alikuwa ameweka kiganja juu ya macho. Bwire hakutazama saa. Ndege walirudi mmoja mmoja wakatua. Nilijisikiliza, kama ninavyojisikiliza siku zote, nikakuta viatu vyangu vimelowa na basi. Mwenyekiti hakuuliza kitu. Kwa muda ule tulikuwa sawa naye, hakuna aliyejua zaidi ya mwenzake.

"Na-rudi," ilisema simu.

"Umetoka," alisema Mwenyekiti.

Masalu alisogea mpaka majini. "Sioni kitu, mayu."

"Hata mimi, Masalu. Lakini unarudi."

Halafu tukauona, nukta ya njano pembeni ya jiwe, imebeba jani moja la gugumaji puani kama ua. Wavuvi walipiga miluzi. Bwire alikuwa akimweleza, uko pale, sasa umenyooka, sasa uko kwenye maji ya kina kifupi, naye akaitikia kwa adabu, ingawa simu ilikuwa imekwisha kumwambia. Ulikuja mpaka mchangani ukasimama. Mota haikusimama. Ilikuwa ikisaga mchanga, na simu ikaendelea: "Na-rudi. Na-rudi. Na-rudi." Katika maneno yote niliyoyapima na kuyapindua, neno la kufika sikuliandika.

Mwenyekiti alisubiri tunyamaze. "Haya," alisema. "Tumeelewana au tumechoka?"

"Tumeelewana," alisema Masalu.

"Tumeelewana," alisema Bwire.

Nilisema tumeelewana. Kisha nikaona kwamba vikao vyote vile, akizunguka meza, hakuna aliyewahi kumgeuzia swali.

"Na wewe, Mwenyekiti?"

Alitafuta zipu ya koti, akaifunga mpaka shingoni. Simu ilikuwa bado inasema.

"Tumeelewana, mwanangu," alisema. "Na mimi nimechoka." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye ile sauti ya mota, akakosea kidogo, upande wa kushoto. "Sasa nenda ukamwambie huyo kwamba amefika."

Niliingia majini na viatu, nikauzima.